Saratani ya Ini na Siku ya Kuzaliwa: Kazi ya Palmer Beasley na Funzo Lake kwa Kliniki Zetu

Mgonjwa wa saratani ya ini anayefikishwa hospitalini katika Afrika Mashariki mara nyingi ni mwanamume wa miaka thelathini au arobaini na kitu, mwenye familia na kazi. Analalamika maumivu chini ya mbavu za kulia, mwili umekonda na tumbo limejaa maji. Yeye na ndugu zake huhesabu ugonjwa tangu mwezi maumivu yalipoanza. Baadhi yao humtafuta aliyemroga, na wengine huilaumu pombe hata kama hakuwahi kuionja. Ni kazi ngumu kuwaeleza kwamba, kwa wengi wa wagonjwa wa namna hii, safari ya ugonjwa ilianza kabla mgonjwa hajajua kutembea, na kwa baadhi yao ilianza katika saa zilezile alizokuwa akizaliwa.

Mtafiti aliyelithibitisha jambo hilo kwa hesabu zisizoacha shaka ni Robert Palmer Beasley, daktari Mmarekani aliyezaliwa California mwaka 1936. Alisoma falsafa katika chuo cha Dartmouth kabla ya kusomea udaktari Harvard, na huenda falsafa hiyo ndiyo iliyomzoesha kuuliza, kila alipoona mambo mawili yakiandamana, ni lipi chanzo na ni lipi tokeo. Sehemu kubwa ya kazi yake aliifanyia Taiwan katika miaka ya 1970 na 1980, akishirikiana na mkewe, Dkt. Lu-Yu Hwang, na madaktari wa kisiwa hicho.

Jina linalochanganya

Kiswahili chenyewe huwatatiza wagonjwa katika jambo hili, kwa hiyo inafaa majina yawekwe sawa mapema. Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine kabisa. Huenezwa na mbu, na kadi ya chanjo yake ndiyo inayoulizwa mipakani. Homa ya ini ni jina la madhara yanayolipata ini kutokana na virusi vya aina kadhaa. Aina A na E huenea kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Aina B, inayozungumziwa hapa, hupita katika damu na majimaji mengine ya mwili: wakati wa kuzaliwa, katika kujamiiana, kwa sindano na nyembe zilizotumiwa na mtu mwingine, na baina ya watoto wadogo wanaocheza pamoja wakiwa na vidonda na michubuko. Haienei kwa kula sahani moja, kusalimiana wala kukumbatiana.

Hata neno “homa” lenyewe linapotosha. Watu wengi wenye virusi vya aina B hawana homa, wala macho yao hayajawahi kuwa ya manjano. Mtu mzima anapoambukizwa kwa mara ya kwanza, kinga yake huzishambulia seli za ini zilizoingiliwa na virusi. Ndipo macho yanapogeuka rangi, mkojo unapokuwa kama chai ya rangi, na mtu analala kitandani wiki kadhaa. Ugonjwa huo unatisha, na kwa wachache huua, lakini kwa kawaida huishia katika ushindi: chini ya watu wazima 5 kati ya 100 ndio wanaobaki na virusi daima. Mtoto mchanga ni kinyume chake. Kinga yake ni changa, haipigani, na kwa hiyo haonyeshi dalili yoyote. Mama humwona ana afya njema. Lakini kati ya watoto 10 walioambukizwa wakati wa kuzaliwa au katika mwaka wa kwanza, karibu 9 hubaki na virusi maishani. Kwa walioambukizwa wakiwa kati ya mwaka mmoja na mitano, ni karibu theluthi moja.

Mfanyakazi wa afya anayeielewa tofauti hii amekwisha kuelewa nusu ya kazi ya Beasley.

Swali la chanzo na tokeo

Kirusi chenyewe kilianza kujulikana kwa njia ya mzunguko. Katika miaka ya 1960 Baruch Blumberg alikuwa akichunguza tofauti za damu za watu wa mataifa mbalimbali alipokuta protini ngeni katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia. Baadaye ilitambulika kuwa ni gamba la nje la kirusi cha homa ya ini aina B, kitu ambacho maabara zetu leo hukiandika HBsAg. Blumberg alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976.

Baada ya kipimo kupatikana, madaktari wa Afrika na Asia walianza kuona kwamba wagonjwa wao wa saratani ya ini walikuwa na HBsAg mara nyingi kuliko watu wengine. Ushahidi huo ulikuwa na kishindo, ila haukutosha. Ilikuwa inawezekana kwamba kirusi huleta saratani. Lakini ilikuwa inawezekana pia kwamba ini lililokwisha kuharibiwa na saratani hushindwa kujilinda, na kirusi huingia kama mwizi katika nyumba iliyobomoka ukuta. Na ilikuwepo njia ya tatu: kwamba kitu kingine kabisa, kwa mfano sumukuvu katika nafaka, huleta saratani, na kirusi kipo tu kwa sababu watu maskini wanaokula mahindi au karanga zilizoota kuvu ndio hao hao wanaoambukizwa. Kupima wagonjwa zaidi hospitalini kusingeweza kulijibu swali hilo hata kama wangepimwa elfu kumi, kwa sababu mgonjwa huja mambo yote yakiwa yamekwisha kutokea.

Njia pekee ilikuwa kuanza na watu wazima wa afya, kuwapima, kisha kungoja.

Kungoja kunahitaji kutowapoteza watu, na hapo ndipo tafiti nyingi za aina hii hufa. Washiriki huhama, hubadili majina, hufia vijijini bila taarifa. Beasley alichagua wanaume watumishi wa serikali ya Taiwan. Uchaguzi huu unaonekana mkavu, lakini bila huo pengine utafiti usingefika mwisho: watumishi hao walikuwa na matibabu na bima kupitia kazi zao, hivyo kila kifo kiliacha karatasi. Wanaume walichaguliwa kwa kuwa saratani hii huwapata wao zaidi. Walioandikishwa walikuwa 22,707. Waliokutwa na HBsAg walikuwa 3,454, yaani zaidi ya 15 kati ya kila 100. Waliobaki 19,253 hawakuwa nayo.

Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1981 katika jarida la Lancet la Uingereza. Wanaume 41 walikuwa wamepata saratani ya ini. Kati yao 40 walitoka katika kundi dogo la wabebaji wa virusi, na mmoja tu katika kundi kubwa. Ukizipiga hesabu kwa uwiano wa makundi, mbebaji alikuwa na hatari mara 223 zaidi ya asiyebeba. Kwa kulinganisha, hatari ya saratani ya mapafu kwa mvuta sigara, ambayo hutolewa kama mfano wa uhusiano wenye nguvu, kwa kawaida hutajwa kuwa mara 10 hadi 20 au zaidi kidogo. Vifo vyote navyo vilieleza jambo lile lile: miongoni mwa wabebaji walikufa watu 105, na 57 kati yao waliuawa na saratani ya ini au na ini kusinyaa, katika kundi la pili walikufa 202, na waliouawa na maradhi hayo mawili walikuwa 3.

Hoja ya mwizi na ukuta ikaanguka, kwa kuwa virusi vilikuwamo kabla ya saratani. Hoja ya sumukuvu haikuanguka yote, na ni haki isianguke. Sumukuvu ni sumu ya kweli. Katika Kenya mwaka 2004, mahindi yaliyoota kuvu katika maeneo ya Makueni na Kitui yaliwaugulisha watu 317, na 125 wakafa. Tafiti za baadaye zimeonyesha pia kwamba mtu mwenye virusi vya aina B anayekula sumukuvu kwa miaka mingi, hatari zake mbili huzidishana badala ya kujumlishwa tu. Kwa mgonjwa wa Afrika Mashariki shauri la kukausha mahindi vyema na kutupa yaliyobadilika rangi ni sehemu ya matibabu ya ini. Lakini watumishi wa Taiwan waliishi katika kisiwa kimoja, na wale wasio na virusi karibu hawakupata saratani hiyo kabisa.

Kutoka kwa baba hadi kwa mama

Tokeo hilo lingeweza kumridhisha mtafiti mwingine. Hata hivyo lilizaa swali lenye uzito zaidi kwa wauguzi na wakunga: wanaume hao 3,454 walipata wapi virusi?

Beasley na wenzake walikuwa wamekwisha kuanza kulijibu kwa kuwafuatilia akina mama wajawazito na watoto wao. Waligundua kwamba mama mwenye HBsAg hamwambukizi mtoto kwa kiwango kimoja. Baadhi ya wabebaji wana antijeni ya pili katika damu, iitwayo HBeAg, ambayo ni ishara kwamba kirusi kinazaliana kwa wingi. Watoto wa akina mama hao, wasipokingwa, karibu 9 kati ya 10 walibaki na virusi. Watoto wa akina mama wasio na HBeAg waliambukizwa kwa nadra zaidi. Maambukizi mengi hayakutokea mimba ikiwa changa, yalitokea karibu na wakati wa kujifungua, pale damu ya mama na mtoto zinapokutana. Hii ilikuwa habari njema iliyojificha ndani ya habari mbaya. Kinachotokea wakati wa kujifungua kinaweza kuwahiwa.

Timu hiyo ikajaribu kuwahi. Kwanza waliwapa watoto wachanga kingamwili zilizotolewa katika damu ya watu waliopona, na kinga hiyo ikapunguza maambukizi kwa sehemu kubwa, ingawa haikudumu. Chanjo ilipopatikana mwanzoni mwa miaka ya 1980, walitoa vyote viwili kwa pamoja, kuanzia mara baada ya kuzaliwa. Matokeo ya mwaka 1983 yalionyesha kwamba mpango huo ulizuia maambukizi kwa asilimia 94 hivi, hata kwa watoto wa akina mama wenye HBeAg.

Taiwan haikungoja. Mwezi Julai 1984 ilianza kuwachanja watoto wa akina mama wabebaji, na miaka miwili baadaye watoto wote wanaozaliwa. Wabebaji miongoni mwa watoto, waliokuwa karibu 10 kati ya 100, walishuka chini ya mmoja kati ya 100 baada ya takriban miaka ishirini. Mwaka 1997 Dkt. Mei-Hwei Chang na wenzake walichapisha hesabu iliyokuwa ikisubiriwa: kwa watoto wa miaka 6 hadi 14, saratani ya ini ilikuwa imeshuka kutoka 0.70 kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka hadi 0.36. Hapo ilionekana kwa mara ya kwanza chanjo ikipunguza saratani ya binadamu katika taifa zima.

Beasley aliishi kuyaona hayo. Alikuwa mkuu wa shule ya afya ya jamii ya Chuo Kikuu cha Texas huko Houston kwa miaka mingi, na alifariki mwaka 2012 kwa saratani ya kongosho, kiungo jirani cha ini ambacho saratani yake bado haina chanjo wala kipimo cha kuigundua mapema kwa watu wote.

Wiki sita zilizo wazi

Katika nchi zetu chanjo ya homa ya ini aina B imo ndani ya chanjo ya pentavalenti, anayopewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mpango huu umewaokoa wengi, na una sababu yake. Akina mama wa Kiafrika wenye virusi hawana HBeAg mara nyingi kama wale wa Asia, na sehemu kubwa ya maambukizi hapa hutokea baina ya watoto wadogo nyumbani. Dozi za wiki ya 6 na kuendelea huziba vizuri njia hiyo ya pili. Haziwezi kuziba ya kwanza. Mtoto aliyeambukizwa siku aliyozaliwa, akichanjwa wiki ya sita, anachanjwa akiwa tayari amechelewa.

Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2009, limependekeza kila mtoto apate dozi moja ya chanjo ya aina B pekee ndani ya saa 24 za kuzaliwa, bila kujali kama mama amepimwa. Kwa takwimu za shirika hilo za mwaka 2022, watu wapatao milioni 254 duniani wanaishi na virusi hivi, na milioni 65 kati yao wamo katika kanda ya Afrika; katika kanda hiyo hiyo, dozi ya kuzaliwa iliwafikia asilimia 18 tu ya watoto.

Pale sera inaporuhusu, dozi hii hukwama kwa mambo madogo. Mtoto anazaliwa Ijumaa usiku, na chanjo imefungiwa katika jokofu la kliniki ya mama na mtoto mpaka Jumatatu asubuhi. Mkunga ana ruhusa ya kuzalisha lakini hana ruhusa ya kufungua jokofu. Kichupa cha dozi kumi hakifunguliwi kwa ajili ya mtoto mmoja, kwa kuogopa kutupa tisa, ingawa kwa utaratibu unaoruhusiwa kichupa hicho huweza kuhifadhiwa baada ya kufunguliwa kama hali ya ubaridi imetunzwa na kiashiria cha joto hakijabadilika. Chanjo hii huvumilia joto kuliko nyingi, ila haivumilii kugandishwa; kichupa kilichowekwa kikigusana na barafu huharibika bila kuonekana kwa macho. Kuihamishia chanjo wodi ya wazazi, na kumpa mkunga wa zamu mamlaka ya kuitoa, hakugharimu kama kunavyogharimu kumuuguza baba wa watoto watatu miaka arobaini baadaye.

Mjamzito naye apimwe HBsAg katika mahudhurio ya kwanza, pamoja na vipimo vya VVU na kaswende. Kwa mwongozo wa mwaka 2024, mwenye virusi vingi au HBeAg hupewa tenofovir kuanzia miezi mitatu ya pili ya mimba; na mahali ambapo vipimo hivyo viwili havipo, dawa yaweza kutolewa kwa kila mjamzito mwenye HBsAg. Dawa ni ileile iliyomo katika mchanganyiko wa ARV. Mama huyo anyonyeshe kama akina mama wengine. Wala hahitaji upasuaji kwa sababu ya kirusi hiki peke yake.

Aliyekutwa na virusi ukubwani

Wengi hugundua hali yao walipokwenda kuchangia damu, au walipopimwa kwa ajili ya kazi au safari. Wanatoka na karatasi yenye neno moja, na mara nyingi bila maelezo. Baadhi huuza mali kutafuta dawa za kusafisha ini, na dawa hizo nyingine huliumiza ini lililokuwa zima.

HBsAg ikionekana mara moja, kipimo hurudiwa baada ya miezi sita. Ikiwa bado ipo, maambukizi yamekuwa ya kudumu. Hapo swali ni hali ya ini, na hospitali ya wilaya inaweza kulijibu kwa sehemu bila mashine kubwa. Kipimo cha APRI huhitaji namba mbili za maabara: kimeng’enya cha AST na idadi ya chembe sahani. AST ya mgonjwa hugawanywa kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara hiyo, jibu huzidishwa kwa 100, kisha hugawanywa kwa chembe sahani zikihesabiwa kwa maelfu. Mgonjwa mwenye AST 80, katika maabara ambayo kiwango cha juu ni 40, na chembe sahani 150,000, ana APRI ya 1.33. Zaidi ya 0.5 ni dalili ya makovu yanayostahili matibabu. Zaidi ya 1 humfanya daktari ashuku kwamba ini limekwisha kusinyaa. Mwenye VVU pia, au mwenye ndugu aliyekufa kwa saratani ya ini, huanzishiwa dawa bila kungoja APRI ipande. Dawa haiondoi kirusi, hukilaza. Anayeiacha ghafla bila ushauri anaweza kupata mlipuko wa ugonjwa ulio mkali kuliko wa kwanza, na hilo liambiwe siku ya kwanza, si siku ya kurudi.

Aliye katika hatari kubwa hufanyiwa altrasaundi ya ini kila miezi sita, kwa kuwa uvimbe wa sentimita mbili hukatwa na ule unaosikika kwa mkono kwa kawaida haukatiki tena. Pombe aiache. Mwenzi na watoto wapimwe, na wasio na virusi wachanjwe dozi tatu.

Jambo moja husahaulika katika vyumba vingi vya daktari, nalo linatoka moja kwa moja katika daftari za Taiwan. Mwanamume aliyekutwa na virusi huulizwa juu ya mke wake, mara nyingi kwa sauti inayomshuku. Mara chache huulizwa juu ya kaka na dada zake. Lakini kama alivipata kwa mama yake siku aliyozaliwa, au utotoni katika nyumba ile ile, basi waliozaliwa naye tumbo moja walipita mlango uleule, na huenda wako shambani au ofisini sasa hivi, wazima wa mwili, wakiwa na ini ambalo bado lina muda wa kutibiwa.